Kufundisha Ushairi wa Visiwa vya Karibi: Lugha ya Nyumbani Katika Somo la Ushairi

1. Utangulizi

Wakati mmoja tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya pwani, tuliketi nyuma ya darasa la sita na kulisikiliza somo la utungaji wa mashairi. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alikuwa mtu wa bara, mwenye bidii na mwandiko mzuri ubaoni. Baada ya kipindi tulipitia madaftari. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, alikuwa ametunga ubeti huu:

Bamvua limeingia,
Ngalawa zimeinuka;
Baba yupo baharini,
Mama jikoni apika.

Mwalimu alikuwa amelikata neno "bamvua" kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "maji mengi". Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba hilo lilikuwa neno la kwao mtoto, si Kiswahili cha shule. Tulilifungua kamusi mbele yake, na neno tukalikuta. Bamvua ni maji makuu yanayojaa na kupwa sana wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu. Hayo si "maji mengi" tu. Kisha tukamwomba ahesabu mizani. "Bamvua limeingia" ni mizani minane, sawa na mishororo mingine yote. "Maji mengi yameingia" ni mizani tisa. Mtoto alikuwa amepatia, na sahihisho ndilo lililouvunja ubeti.

Lakini hasara kubwa haikuwa ile ya mizani. Katika ziara zetu mbili zilizofuata mtoto yule hakunyosha tena kidole wakati wa ushairi. Alikuwa amekwisha kujifunza somo ambalo mwalimu hakukusudia kulifundisha, yaani kwamba maneno ya baba yake hayana nafasi katika daftari.

Kisa hiki ndicho kilichotufanya tuandike makala haya. Tunakusudia kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kuwafundisha wanafunzi wa madarasa ya juu ushairi wa visiwa vya Karibi na wa wana wa visiwa hivyo waliohamia ng'ambo. Tumeuchagua ushairi huo kwa sababu washairi wake walipambana, kwa muda mrefu kuliko wengi, na swali lile lile la wino mwekundu: je, lugha anayoisema mama jikoni yafaa kuwa lugha ya shairi?

2. Visiwa na watu wake

Mwalimu hawezi kuufundisha ushairi wa watu asiowajua. Kwa hiyo ni lazima kwanza aijue, japo kwa ufupi, historia ya visiwa hivi.

Visiwa vya Karibi vimejipanga kama upinde katika bahari iliyo kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Miongoni mwavyo ni Kuba, Jamaika, Haiti (iliyo upande mmoja wa kisiwa chake), Martinique, Saint Lucia, Barbados na Trinidad. Guyana si kisiwa. Imo katika bara la Amerika ya Kusini. Hata hivyo historia yake na lugha yake ni ndugu na za visiwani, na washairi wake huhesabiwa pamoja na wenzao wa visiwa.

Columbus alifika huko mwaka 1492. Wenyeji wa asili waliangamia kwa wingi kwa vita, kazi za kulazimishwa na maradhi. Ili kulima miwa, Wazungu waliwaleta Waafrika waliotiwa utumwani, hasa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati. Haiti ilijikomboa kwa vita na kupata uhuru mwaka 1804. Katika makoloni ya Uingereza sheria ya kuukomesha utumwa ilianza kutumika mwaka 1834, na uhuru kamili wa waliokuwa watumwa ukaja mwaka 1838. Baada ya hapo wenye mashamba walileta vibarua wa mkataba kutoka Uhindi. Jamaika na Trinidad zilipata uhuru mwaka 1962, Barbados na Guyana mwaka 1966, na Saint Lucia mwaka 1979.

Kutokana na historia hiyo zilizaliwa lugha ziitwazo Krioli. Waafrika wa makabila mbalimbali, waliotiwa shamba moja bila lugha moja, walichukua maneno mengi ya bwana shamba, iwe Kiingereza au Kifaransa, wakayafinyanga kwa matamshi na mpangilio wao wenyewe, hata ikapatikana lugha kamili. Kwa lugha hiyo walibembeleza watoto, wakafanya biashara sokoni na kusimulia hadithi za Anansi. Huyu Anansi ni buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na Waakan kutoka nchi ambayo leo ni Ghana. Wanafunzi wetu wanaomjua Sungura watamtambua mara moja.

Shuleni, hata hivyo, Krioli iliitwa Kiingereza kilichovunjika. Mtoto aliyeisema alikosolewa. Aliyetaka kutunga shairi alifundishwa kutunga kama Mwingereza.

3. Sauti za visiwani

Louise Bennett alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1919. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa msichana alitunga mashairi kwa Kiingereza cha vitabuni, mpaka siku moja alipopanda tramu na kuwasikia wanawake wa shamba, waliobeba vikapu vyao vya sokoni, wakisemezana. Aliyoyasikia yalikuwa na uhai kuliko yote aliyokuwa ameyaandika. Akarudi nyumbani akatunga kwa lugha yao. Kitabu chake cha mwanzo kilitoka mwaka 1942, na mkusanyo wake mkubwa, Jamaica Labrish, mwaka 1966. Watu wa kawaida walimpenda mara moja. Walijaa ukumbini kumsikiliza. Wasomi wengi, kinyume chake, walimwona mchekeshaji tu, na kwa miaka mingi hawakumhesabu kuwa mshairi. Katika miaka ya 1970 aliendesha kipindi cha watoto katika televisheni ya Jamaika, ambamo watoto waliimba, wakasimulia na kughani kwa lugha yao bila kuonewa haya. Alifariki Kanada mwaka 2006, naye leo anaheshimiwa kuwa miongoni mwa walioiweka misingi ya ushairi wa nchi yake.

Tuangalie umbo la shairi lake moja linalofaa kwa somo letu, liitwalo "Colonization in Reverse", yaani kutawala kinyumenyume. Mwanamke anampasha habari jirani yake, kwa furaha na ucheshi, kwamba Wajamaika wanamiminika kwenda Uingereza. Mzaha wake una makali: waliotawaliwa sasa ndio wanaokwenda "kumtawala" mtawala kwake. Beti zina mishororo minne minne, na vina viko mwishoni mwa mshororo wa pili na wa nne. Hakuna vina vya kati kama katika tarbia zetu nyingi. Ni umbo jepesi lenye mwendo wa mazungumzo, na mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulitungia.

Mshairi wa pili ni Kamau Brathwaite, aliyezaliwa Barbados mwaka 1930 na kufariki huko mwaka 2020. Alifanya kazi ya elimu nchini Ghana kuanzia mwaka 1955 hadi 1962, na huko aliisikia midundo ya ngoma ambayo kwao aliikuta vipandevipande. Kati ya mwaka 1967 na 1969 alitoa vitabu vitatu vya mashairi vinavyoifuata safari ya Mwafrika kutoka kwao hadi visiwani na kwenda mbele. Mwaka 1971, alipokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, bibi yake Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa jina la Kamau, nalo akalichukua kuwa lake. Brathwaite hakukubali kwamba usemi wa watu wake ni lahaja duni. Aliuita lugha ya taifa, akimaanisha lugha inayobeba kumbukumbu, mapigo na pumzi za watu waliovushwa bahari. Alieleza pia jinsi shule zilivyowafanya watoto wa visiwani waijue theluji, ambayo hawajaiona, kuliko tufani inayong'oa mapaa ya nyumba zao. Wengine waliandika katika insha zao kwamba theluji ilianguka juu ya mashamba ya miwa. Mwalimu mtarajiwa na alitafakari jambo hilo. Mtoto yule hakusema uongo kwa makusudi, bali alimpa mwalimu kile alichodhani kwamba mwalimu anakitaka.

Wa tatu ni Derek Walcott wa Saint Lucia (1930–2017). Mama yake alikuwa mwalimu. Mwaka 1948 Walcott, akiwa bado kijana, alikipiga chapa kitabu chake cha kwanza kwa fedha alizopewa na mama huyo, akakiuza kwa mkono wake mwenyewe hata akazirudisha. Walcott alifuata njia tofauti na Bennett. Aliandika zaidi kwa Kiingereza sanifu, na alikimudu kama wachache wanavyokimudu. Lakini ndani yake aliingiza Krioli ya Kifaransa ya kisiwa chake, mitumbwi yake na majina ya watu wake. Utenzi wake mrefu, Omeros (1990), unawapa wavuvi maskini wa Saint Lucia majina na hadhi ya mashujaa wa Kiyunani. Mwaka 1992 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Tumewaweka hawa pamoja makusudi. Mwalimu asije akadhani kwamba ushairi wa Karibi unamtaka mtu aikane lugha sanifu. Bennett na Walcott walipita njia mbili, lakini hapana hata mmoja wao aliyekubali kuyatupa maneno ya nyumbani.

4. Waliovuka bahari

Visiwa ni vidogo na kazi ni haba, kwa hiyo watu wake wamekuwa wasafiri tangu zamani. Claude McKay wa Jamaika alitoa mashairi kwa lugha ya kwao mwaka 1912, na mwaka huo huo akaenda Marekani, ambako baadaye alikuwa miongoni mwa washairi wakuu wa Harlem. Meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury, Uingereza, mwezi Juni 1948, ilishusha mamia ya watu wa Karibi, na wengi zaidi wakafuata.

Lipo jambo moja la ajabu katika historia hii. Kwa miaka mingi washairi wa visiwa mbalimbali walifahamiana kwa kupitia London. Mwaka 1943 Una Marson, mshairi mwanamke wa Jamaika, alianzisha katika BBC kipindi cha redio kilichokuja kuitwa Caribbean Voices, kilichoendelea hadi mwaka 1958. Mshairi wa Barbados alilipeleka shairi lake ng'ambo ya bahari, likasomwa London, kisha mawimbi ya redio yakalirudisha visiwani, na jirani yake wa Trinidad akalisikia. Hivyo kwa wengi shairi lilifika kwanza sikioni kabla halijafika kitabuni.

Waliohamia waliendelea kutunga. James Berry, aliyefika Uingereza kutoka Jamaika mwaka 1948, aliandika mashairi mengi kwa ajili ya vijana. Kitabu chake When I Dance kilitoka mwaka 1988. Linton Kwesi Johnson alipelekwa London mwaka 1963 akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Yeye hughani kwa Krioli ya Kijamaika juu ya mapigo ya muziki wa rege, na mashairi yake yanasimulia dhiki na ushupavu wa vijana weusi wa London. Grace Nichols na John Agard walitoka Guyana mwaka 1977. Nichols alishinda tuzo ya ushairi ya Jumuiya ya Madola mwaka 1983, na wote wawili wamewaandikia watoto mashairi mengi yenye michezo ya maneno, matunda, mvua na nyanya wasimulizi.

Watoto wa wahamiaji hao walikaa katika madarasa ambamo mwalimu hakuujua usemi wa nyumbani kwao. Shairi lilipoingia darasani kwa usemi huo, mtoto aliyekuwa kimya alikuta kwamba yeye ndiye anayejua kulisoma kuliko wote, hata kuliko mwalimu. Hiyo ni nguvu ambayo mwalimu hapaswi kuipuuza.

5. Hatua za kufundisha

Tunapendekeza vipindi viwili vya dakika 40 kwa darasa la sita au la saba. Zana ni ramani ya dunia, kipande cha muwa na ngoma ndogo. Ngoma ikikosekana, dawati latosha.

Kabla ya somo. Mwalimu achague shairi moja fupi, alielewe, kisha aandae tafsiri ya Kiswahili. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Shairi la Bennett linasemwa na mwanamke wa sokoni. Likitafsiriwa kwa Kiswahili cha barua ya ofisi, hufa. Basi kabla ya kutafuta maneno, mwalimu atafute kinywa. Ajiulize: mwanamke huyu angekuwa wa hapa kwetu, angemwambiaje jirani yake? Hangesema, "Ninayo furaha kukuarifu." Yamkini angesema, "Mwenzangu, umesikia?" Tafsiri na ianzie hapo.

Kipindi cha kwanza.

Hatua ya kwanza (dakika 7). Mwalimu auonyeshe muwa na kuuliza sukari hutoka wapi. Kwa ramani, awaongoze wanafunzi kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi mpaka Karibi, na kutoka Karibi mpaka London. Aeleze kwa maneno machache nani waliolima miwa hiyo na kwa nini wajukuu wao walihama.

Hatua ya pili (dakika 8). Mwalimu alighani shairi mara mbili, wanafunzi wakisikiliza tu. Asiandike kitu ubaoni. Ushairi huu ulizaliwa kwa sauti, na jicho likitangulia, sikio hulala.

Hatua ya tatu (dakika 15). Maswali: Nani anasema? Anamwambia nani? Ana furaha, hasira au kejeli? Umejuaje? Swali la mwisho ndilo lenye kufundisha, kwa maana humrudisha mwanafunzi kwenye maneno yenyewe.

Hatua ya nne (dakika 10). Sasa shairi liandikwe ubaoni. Wanafunzi walighani kwa makundi huku kundi moja likipiga mapigo taratibu.

Kipindi cha pili.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Kila mwanafunzi alete neno moja la nyumbani lisilopatikana katika kitabu cha darasa: la uvuvi, la shamba, la mapishi au la mchezo. Mwalimu ayaandike ubaoni, na mwenye neno alieleze. Mwalimu akiwa hajui neno, aseme kwamba hajui, naye ajifunze.

Hatua ya pili (dakika 20). Wanafunzi watunge ubeti wa mishororo minne, mizani minane kwa kila mshororo, vina mwishoni mwa mshororo wa pili na wa nne, na neno la nyumbani liwemo. Ubeti wa bamvua tulioutaja waweza kuwa mfano.

Hatua ya tatu (dakika 10). Usomaji na tathmini. Mwalimu apime mambo matatu: je, mizani imetimia? Je, vina vimepatana? Je, neno la nyumbani limefanya kazi ambayo neno jingine lisingeifanya?

6. Mambo ya kuangalia

Kwanza, wengine watauliza: je, hatuvunji Kiswahili sanifu? Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa mzaha. Mtoto anayo haki ya kufundishwa lugha sanifu barabara, kwa kuwa kwa lugha hiyo atafanya mtihani, ataandika barua na kusikilizana na Mtanzania wa mkoa mwingine. Mwalimu anayemwacha bila lugha hiyo kwa kisingizio cha kuheshimu usemi wa kwao amemnyima haki yake. Katika barua rasmi, basi, mwalimu asahihishe bila kusita. Lakini katika shairi aulize kabla hajakata, na alifungue kamusi kabla hajaufungua wino. Kila tungo na ipimwe kwa kazi yake.

Pili, mwalimu asiwafanye watu wa Karibi kuwa watu wa kuhurumiwa tu. Utumwa ufundishwe bila kufichwa. Lakini Bennett anachekesha, Agard anacheza na maneno, na Nichols ana kiburi kizuri. Wanafunzi wasikie kicheko hicho pia.

Tatu, mwanafunzi asilazimishwe kulitoa neno la nyumbani akiona haya. Mwalimu aanze na neno lake mwenyewe. Akicheka mwanafunzi mmoja kwa kejeli, mwalimu asilipite jambo hilo kimya, maana kicheko kama hicho chaweza kufanya kazi ile ile ya wino mwekundu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba washairi wa Karibi, waliobaki na waliohama, waliirithi lugha iliyodharauliwa shuleni wakaifanya ushairi unaosomwa duniani. Hawakupewa ruhusa na walimu wao. Wengi walifanya hivyo baada ya kutoka shule. Mtoto wetu hana haja ya kungoja miaka yote hiyo.

Yule mwanachuo tuliyemtaja alirudi darasani wiki iliyofuata. Mbele ya wanafunzi wote alimwomba mtoto yule aeleze bamvua ni nini. Mtoto alisita, kisha akaeleza kwa maneno machache, akaketi. Mkono wake, kama tulivyosema, hatukuuona ukinyoshwa katika ziara zetu zilizosalia. Yamkini ulinyoshwa baadaye, sisi tulipokuwa tumekwisha kuondoka. Mwalimu mtarajiwa na akumbuke kwamba kulikata neno ni kazi ya nukta moja, na kulirudisha kwaweza kuchukua muhula mzima.

Maswali ya kujadili

1. Taja maneno matatu ya nyumbani kwenu yasiyojulikana na wanachuo wenzako. Je, lipo neno moja la Kiswahili sanifu linalotosha mahali pa kila moja?
2. Bennett na Walcott walipita njia mbili tofauti katika lugha. Ungewaelezaje wanafunzi wa darasa la sita tofauti hiyo?
3. Andika andalio la somo la dakika 40 ambamo wanafunzi wanalisikia shairi kabla ya kuliona.
4. Mzazi analalamika kwamba unawafundisha watoto "lugha ya mtaani". Utamjibuje kwa heshima?